Kutembea si umaskini: acheni kuua njia za Magunga

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu mnitusi kwa komenti nikimaliza.

Kila wikendi naona picha ile ile. Msee wa Nairobi amelipa elfu tatu na kitu, amepanda mathree saa kumi na moja alfajiri, raba mpya, chupa ya maji ya chuma, ameenda kupanda mlima mahali. Anapigwa picha kileleni mikono juu, na chini yake ameandika vile amepata amani ya roho. Sina shida na yeye. Amelipa pesa yake, ametoa jasho lake, wacha apate amani yake.

Shida yangu ni sisi wa huku. Sisi wa Gwassi, wa Lambwe, wa Sindo mpaka Karungu. Tunaangalia hiyo picha tukiwa tumekalia viti vya plastiki sokoni Magunga. Vilima viko hapo, ziwa liko hapo chini, na katikati kuna vijia vya miguu ambavyo mtoto wa darasa la pili anatembea kila siku bila kuanguka. Halafu tunaandika komenti: "Maisha ni huko. Huku hakuna kitu."

Hakuna kitu. Hayo maneno mawili ndiyo nimekuja kupigana nayo leo, kwa sababu ndiyo yanaua njia zetu. Na njia ikikufa, omera, huwa haifufuki kirahisi.

Kwanza tuelewane. Siongei kuhusu kupanda mlima. Naongea kuhusu njia rahisi. Njia haitaki kamba, haitaki viatu vya elfu kumi, haitaki mtu wa kukuongoza akikupigia makofi. Njia unaweza tembea na nyanyako kwa masaa mawili matatu, mnaongea bila kuhema, na mnarudi kabla jua halijawa kali. Sisi tunaita hizo njia za panya, kama vile zimeibiwa mahali. Wacha nikuhesabie chache, ndio uone "hakuna kitu" inamaanisha nini.

Ukitoka sokoni, geuza mgongo kwa barabara ufuate vijia vya ng'ombe mpaka miguu ya vilima vya Gwassi. Vile vilima vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Victoria yako karibu mita 1,134. Lakini wewe hauendi juu. Unazunguka chini chini, nyasi zinakufika magotini, vichaka vya miiba huku na huku, mgunga mmoja mmoja wa kukupa kivuli. Unapokanyaga ni mabaki ya volkano iliyozimika zamani sana, Kisingiri. Majivu yake yalifika mpaka Rusinga yakafunika mifupa, na mifupa ikakaa huko karibu miaka milioni 18, mpaka Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948. Watu husafiri kutoka vyuo vikuu vya ng'ambo kuja kusoma haya mawe. Wewe umeyakalia ukingoja bando iingie.

Ama shuka upande wa ziwa, kuelekea Nyandiwa. Ukichoka, geuka nusu njia, hakuna mtu anakupa alama. Siku anga iko safi unaona Mfangano imelala kwa maji kama kiboko. Chini kabisa unapata wamama wameanika omena, unanunua ya mia moja, unakula mboga ya jioni ambayo umeifuata kwa miguu yako mwenyewe. Na nikitaja kiboko, kiboko wa kweli pia wako. Hutoka majini kula nyasi usiku, kwa hivyo usijifanye shujaa ufukweni giza likiingia.

Ama enda ukingoni mwa bonde la Lambwe, nje ya ua la Ruma. Nimesema nje. Ndani ni mbuga ya KWS yenye faru na nyati, unaingia langoni kwa taratibu zao. Hilo eneo lilianza kama hifadhi ya Lambwe mwaka 1966, likawa Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983, kilomita za mraba 120. Ndio makao ya mwisho ya korongo hapa Kenya, yule swala mkubwa mwenye uso wa barakoa. Na kati ya Aprili na Septemba kuna ndege mdogo, mbayuwayu wa bluu, anayekuja kukaa kwa hizo nyasi. Huyo ndege anazaliana kusini mwa Afrika. Anaruka nchi baada ya nchi, anapita misitu, anapita miji mikubwa, anakuja kutafuta nyasi ndefu na uwazi wa Lambwe. Gramu chache za manyoya zimejua thamani ya hii nyika. Wewe na simu ya elfu thelathini bado unasema hakuna kitu.

Na ukivuka upande wa Migori, kuna Thimlich Ohinga. Kuta za mawe bila saruji, bila udongo wa kushikanisha, jiwe juu ya jiwe, mahali pengine zinapita mita nne kwenda juu. Zilijengwa pengine karne ya 16, na tangu mwaka 2018 UNESCO imeziweka kwa orodha ya urithi wa dunia. Malango yake ni madogo, mtu mzima anainama ndio aingie. Kuzunguka zile kuta kwa miguu ni kazi ya asubuhi moja, bila haraka. Kitu kimoja huwa nawaza nikiwa pale: wale watu walijua sana kujenga ukuta. Waliogopa maadui, waliogopa wanyama, walikuwa na mifugo ya kulinda. Na ukuta wao ulizunguka boma. Mahali pa kulala, mahali pa ng'ombe. Nyika yote iliyobaki ilikuwa ya kupita.

Sisi tumegeuza. Boma liko wazi, njia ndiyo tunafunga.

Sasa tufike kwa maumivu yenyewe. Njia inakufa vipi? Nimeona vitu vitatu vikiiua, na nitavitaja vyote, kimoja ni mimi na wewe.

Cha kwanza ni waya. Kuna kijia nilikulia ndani yake. Kilikuwa kinatoka kwetu, kinapita kando ya mashamba matatu, kinavuka kijito kwa mawe manne, kinatokea karibu na soko. Dakika ishirini. Mama alikipita na ndoo, sisi tulikipita tukienda shule, wazee walikipita wakienda matanga. Hakuna mtu aliwahi kuuliza ni cha nani, kwa sababu jibu lilikuwa wazi: ni cha anayepita. Mwaka jana shamba moja likauzwa. Mwenyewe mpya akaleta vigingi na waya wa miiba, wiki moja kazi imeisha. Sikumpata hata wa kumlaumu, yeye mwenyewe haishi huku. Sasa mama anayeuza samaki anazunguka na barabara ya murram karibu saa nzima, akila vumbi la nduthi. Siku ana mzigo analipa nauli. Ile nauli ni faida yake ya siku. Kwa hivyo mtu akiniambia kutembea ni mambo ya watalii na watu wameshiba, namuonyesha huyo mama. Njia ikifungwa, wa kwanza kulipa ni yule hana pesa.

Cha pili ni aibu, na hii ni yetu kabisa. Jaribu kutembea kwa miguu hapa ukiwa na miaka ishirini na mbili. Kila mita mia moja mtu anasimamisha nduthi: "Omera, pikipiki imeharibika?" Ukisema hapana, natembea tu, anakuangalia kama mtu ametoroka hospitali. Tumeamua mguu ni wa maskini. Msee anachukua nduthi kwenda kwa kinyozi hatua mia tatu kutoka kwao, halafu usiku anatazama video ya mzungu akitembea shambani Scotland na kusema "hiyo ndio life." Ni nyasi, bro. Ni nyasi na ng'ombe na mvua. Ziko nyuma ya choo chenu.

Niseme ukweli kidogo. Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani, sikuwa na ile kitu ya kuambia watu. Ukikaa dukani unaulizwa, ukienda kanisani unaulizwa, ukibaki nyumbani baba anapita na kunyamaza, na kunyamaza kwake kunauliza zaidi. Kitu pekee kilinibeba ile miezi ni hivyo vijia. Naondoka saa kumi na mbili asubuhi, nazunguka miguu ya kilima, narudi saa tatu kichwa kimepoa. Bure kabisa. Jaduong' mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe huko alikuwa ananisalimia kila siku na hakuwahi kuniuliza narudi chuo lini. Alikuwa ananionyesha miti na kuniambia majina yake. Siwezi kukuambia kutembea kunatibu kila kitu, mimi si daktari. Nakuambia tu kwamba vijana wengi huku wanakaa na vichwa vizito, pesa ya mshauri hakuna, na mahali pa kwenda bila kulipa panazidi kupungua.

Cha tatu ni viongozi. Taja utalii kwa kiongozi yeyote wa hizi kaunti zetu mbili, Homa Bay ama Migori, macho yake yanaona hoteli. Anaona utepe wa kukata, hema nyeupe, na hotuba. Njia ya miguu haina utepe. Huwezi kusimama mbele ya kijia chenye upana wa futi tatu ukapigwa picha ukiwa na mkasi. Kwa hivyo hakuna anayekipangia pesa, ingawa gharama yake ni kidogo kuliko chakula cha huo mkutano wa utalii. Unahitaji nini? Mawe yaliyopakwa rangi kila penye njia panda. Magogo mawili ya kuvukia kijito. Ngazi ndogo ya mbao juu ya ua, ndio mtu apite na ng'ombe asipite. Kibao kimoja sokoni kinachosema njia inaanza hapa, inaisha pale. Fundi wa hapa hapa anamaliza hiyo kazi.

Najua mnachotaka kuniambia. Nimeshasikia zote.

"Shamba ni langu, nina hati." Sawa, bro, na hati yako naiheshimu. Sikuombi shamba, naongelea futi tatu pembeni ambazo watu walikuwa wakipita kabla wewe na mimi tuzaliwe. Na hiyo hati yako haisemi unachodhani inasema. Soma Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28: haki ya njia iliyokuwepo wakati ardhi inasajiliwa mara ya kwanza inaweza kuishikilia hiyo ardhi hata kama haijaandikwa kwa rejista. Halafu soma Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo, kuanzia kifungu cha 143. Kuna kitu kinaitwa haki ya njia ya jamii. Kaunti inaweza kuiomba kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, na pia chama ama kikundi chochote cha watu. Kikundi chochote, wasee. Wamama wa soko, vijana wa kanisa, timu ya mpira. Mwenye shamba anapewa notisi, anasikizwa, na sheria inaongea hadi kuhusu fidia. Ikishapita, inafuata ardhi hata ikiuzwa. Mimi si wakili, lakini kusoma najua, na hii sheria imelala hapo zaidi ya miaka kumi ikitungoja.

"Watu wakipita wanaiba mahindi na kuacha takataka." Hii naikubali, na wenye mashamba wana haki ya kukasirika. Kuna watu wetu wakipita mahali wanaacha njia ya makaratasi na chupa hadi unajua walikula nini na walikunywa nini. Kwa hivyo masharti ni haya: pita pembeni, usikate katikati ya mazao. Ukifungua lango, lifunge. Usichume hata hindi moja. Mbwa wako abaki nyumbani. Mtu akivunja, mwambieni pale pale, msingoje mwenye shamba alete waya.

"Na wasichana?" Siste yangu aliniuliza hii na sikuwa na jibu la haraka. Mimi naweza kuamka nikatembea pekee yangu, yeye anafikiria mara mbili. Nikimwambia "usiogope" nitakuwa mjinga. Kile naona ni hiki: njia yenye watu wengi ni salama kuliko njia ambayo imebaki ya watu wawili. Kila msee anayeacha kutembea anaifanya iwe hatari zaidi kwa yule ambaye hana budi kuitumia. Na ukiifunga kabisa haujamlinda, umempeleka kwa ile barabara ya mzunguko, jioni, pekee yake. Tembeeni kwa kikundi, mchana, na wavulana mjifunze kusalimia mtu na kuendelea na safari yenu.

"Lambwe kuna mbung'o." Kweli, wako, na wanauma. Wazee wetu waliiogopa ile bonde kwa sababu ya malale, na hofu yao haikuwa ya bure. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, ulitoa watu kwa ardhi. Lakini nchi ilipigana nao miaka mingi, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Kenya imeuondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Hiyo ilipita kwa habari kama dakika mbili hivi halafu tukarudi kwa siasa. Fikiria: bonde ambalo nyanya zetu waliliogopa limefunguka kwa kizazi chetu, na sisi ndio tumekataa kuingia. Vaa nguo za rangi ya udongo, wacha za bluu na nyeusi nyumbani kwa sababu hizo ndizo humvuta mbung'o, vaa mikono mirefu, beba maji. Ukirudi na homa isiyoisha enda hospitali useme ulikuwa wapi.

"Watu wana shida kubwa kuliko njia." Siku zote kuna shida kubwa. Ndio maana vitu vidogo vinaibiwa.

Kama unadhani nimechanganyikiwa kupigania njia, jua kuna watu walienda jela kwa ajili ya hii kitu. Tarehe 24 Aprili 1932, huko kaskazini mwa Uingereza, vijana kutoka viwanda vya Manchester waliamua kutembea juu ya Kinder Scout. Ilikuwa nyika ya vichaka vifupi, ambayo matajiri walikuwa wameifunga ili wawinde ndege. Msee aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20 na hakuwa na kazi. Walienda kutembea, lakini mahakamani kesi ikawa ya fujo. Yeye alifungwa miezi minne, wengine wanne wakafungwa pia. Leo wanahesabiwa kati ya waliofungua mlango. Mwaka 2000 England na Wales zilipata sheria inayompa kila mtu haki ya kutembea kwa milima na nyika za wazi zilizowekwa kwa ramani. Hiyo video ya mzungu akitembea kwa nyasi ambayo unailia mate haikutoka mbinguni. Vijana bila kazi waliipigania.

Usiseme hiyo ni ya wazungu. Hapa kwetu, Karura ilikuwa inakatwa vipande igawiwe watu wakubwa wajenge. Wangari Maathai na wenzake wakaenda na miche. Januari 1999 walipigwa pale langoni, yeye akapasuliwa kichwa. Leo watu wa Nairobi wanapeleka watoto wao kutembea Karura Jumapili na kupiga picha wakipata amani ya roho. Ile amani ina damu ya mtu ndani.

Na sisi kizazi chetu, msiniambie hatujui kutembea. Juni 2024 tulitembea. Tulijua Kifungu cha 37 cha Katiba kwa kichwa: kukusanyika, kuandamana, kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Hicho kifungu hakikuandikiwa Nairobi pekee wala mswada wa fedha pekee. Kinafika mpaka kwa kijia cha kuvuka kijito.

Kwa hivyo kazi ni hii, na hakuna inayohitaji mtaji.

Tembea. Chagua kijia kimoja karibu na kwenu na ukipite kila wiki. Njia hulindwa na nyayo. Ile ambayo haina nyayo ndiyo mtu huona rahisi kuifunga.

Uliza majina. Kila jiwe, kila kijito, kila mti mkubwa una jina, na hayo majina yako kwa vichwa vya watu wa miaka sabini. Kaa na jaduong', kaa na nyanyako, rekodi kwa simu. Siku kesi ya njia ikifika kwa chifu, hiyo sauti ya mzee akisema "hapa tulipita tangu nikiwa mtoto" itakuwa na uzito kuliko kelele zako zote.

Chora. Vijia vingi tunavyotumia havijulikani na ramani yoyote. Kuna OpenStreetMap, ni bure, unafungua akaunti, unatembea na simu yako, unachora njia. Mnajua kuhariri video mpaka saa nane usiku, kuchora mstari hakutawashinda.

Andika. Kikundi cha watu kumi na watano, barua moja, kwa MCA, kwa chifu, na kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Taja njia inaanzia wapi, inaishia wapi, nani huitumia. Weka sahihi. Baki na nakala.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujakopa nauli ya kwenda kupiga picha Diani, piga picha ya njia ya kwenu. Usiweke muziki wa huzuni, usiifanye ionekane umaskini, usiifanye ionekane mbinguni. Onyesha tu vile iko: nyasi, mawe, ng'ombe wa mtu, ziwa kwa mbali, mama amebeba ndoo anakucheka. Sema inaanza wapi na inachukua muda gani. Siku waya utakapoletwa, kutakuwa na ushahidi kwamba kulikuwa na njia, na kulikuwa na watu.

Mimi Jumamosi niko. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sokoni Magunga, tunazunguka miguu ya kilima, saa nne tumerudi. Hakuna kulipa. Kuja na maji, viatu vyovyote ulivyo navyo, na mtu mzima mmoja wa kwenu anayekumbuka mahali njia ilikuwa inapita kabla ya waya. Huyo ndiye ataongoza.